Simba wa Tsavo, miwani ya karatasi na projekta zilizobaki

Tarehe 26 Novemba 1952 watu wa Los Angeles walipanga foleni kwenda kuangalia simba wa Tsavo. Filamu yenyewe iliitwa Bwana Devil, na neno la kwanza la jina hilo ni letu kabisa. Ilihusu ujenzi wa reli ya kutoka Mombasa kwenda Uganda mwaka 1898, pale madume wawili wa simba wasio na manyoya shingoni walipowavamia wafanyakazi waliokuwa wakijenga daraja la Mto Tsavo. Kisa ni cha kweli, ingawa Tsavo ya kwenye filamu ilikuwa California. (Kwa wapenda takwimu: Patterson, mhandisi aliyewaua simba hao, alikuja kudai kwamba waliua watu 135. Wanasayansi waliopima isotopu katika mabaki yao, ambayo yapo makumbusho ya Field, Chicago, walikadiria mwaka 2009 kwamba walikula watu 35 hivi.)

Lakini foleni ile haikuwa ya historia ya reli. Kila aliyeingia alipewa miwani ya fremu ya karatasi, na matangazo yalimwahidi simba mapajani mwake. Wahakiki waliiponda filamu bila huruma. Hela ziliingia hata hivyo, na miezi michache baadaye karibu kila studio kubwa ya Hollywood ilikuwa inakimbizana kutengeneza filamu ya 3D.

Ukisoma makala nyingi kuhusu 3D utakuta hadithi moja: teknolojia ilikuwa duni, ikaboreshwa, ikafa, ikaboreshwa tena, hadi James Cameron akaja na Avatar mwaka 2009. Mimi hadithi hiyo hainiridhishi. Karibu kila kitu kilichohitajika kutengeneza 3D kilijulikana miaka mingi kabla ya kutumika. Kwa hiyo swali la kuuliza ni nani alikuwa na shida gani siku ile 3D ilipotolewa kabatini.

Tuanze na macho. Funga jicho la kushoto, nyoosha mkono, weka kidole gumba kwenye usawa wa kitu kilicho mbali, mlingoti wa umeme kwa mfano. Sasa fungua la kushoto ufunge la kulia. Kidole kimeruka, si ndiyo? Macho yetu yametengana kwa takriban sentimita 6.3, kwa hiyo kila moja linapata picha yake, na ubongo unazilinganisha hizo mbili na kupiga hesabu ya umbali bila wewe kuombwa chochote.

Aliyethibitisha jambo hili ni Mwingereza Charles Wheatstone, mwaka 1838. Alichora picha mbili zenye tofauti ndogo, akaziweka pembeni mwa vioo viwili ili kila jicho lione mchoro wake tu, na michoro ile bapa ikasimama kama kitu halisi. Angalia mwaka huo: upigaji picha wenyewe ulitangazwa hadharani mwaka 1839. Yaani binadamu alijua kutengeneza picha yenye kina kabla ya umma kujua kwamba kuna kitu kinaitwa kamera.

Kwenye sinema ugumu ni mmoja tu. Pazia ni moja, watazamaji ni mamia, na kila mmoja anatakiwa apate picha mbili zisizochanganyikana. Njia zilipatikana mapema. Ya kwanza ni rangi: picha moja nyekundu, nyingine kijani au samawati, na miwani ya rangi hizohizo ili kila kioo kizuie picha moja. Mjerumani Wilhelm Rollmann alieleza wazo hilo mwaka 1853, na Septemba 1922 filamu ya The Power of Love ikaonyeshwa Los Angeles kwa njia hiyo, mbele ya watu waliolipa kiingilio. Filamu hiyo imepotea, hakuna nakala iliyobaki.

Njia ya pili ni muda: onyesha picha ya kushoto, kisha ya kulia, haraka haraka, huku kitu fulani kikiziba jicho lisilohusika. Desemba 1922, miezi mitatu tu baadaye, ukumbi mmoja wa New York ulifungwa vifaa vya namna hiyo kwenye kila kiti. Aliyevibuni alikuwa Laurens Hammond, yuleyule ambaye baadaye alitengeneza kinanda cha Hammond unachokisikia makanisani. Ufundi wake ulifanya kazi vizuri. Biashara ndiyo iliyogoma, kwa sababu hakuna mwenye ukumbi mwingine aliyekubali kufunga mashine kwenye kila kiti.

Ya tatu ndiyo iliyoshinda. Mwanga ni wimbi, na wimbi hilo hutikisika likisafiri. Mmarekani Edwin Land alitengeneza karatasi angavu, Polaroid, inayopitisha mwanga unaotikisika upande mmoja tu. Fikiria kamba iliyopita katikati ya nondo za dirisha zilizosimama wima: ukiitikisa juu na chini wimbi linapita, ukiitikisa kushoto na kulia linagonga nondo. Basi weka kichujio cha upande mmoja mbele ya projekta ya kushoto, na cha upande mwingine mbele ya projekta ya kulia, kisha mpe mtazamaji miwani yenye vichujio hivyohivyo. Rangi zote zinabaki. Filamu ya namna hii ilionyeshwa kwenye maonyesho ya dunia ya New York mwaka 1939, na Warusi nao walikuwa na ukumbi wa 3D isiyohitaji miwani kabisa huko Moscow mwaka 1941.

Kwa hiyo kufikia 1941 vifaa vyote vipo mezani. Hollywood haikujali. Ndugu wawili, Milton Gunzburg mwandishi wa filamu na Julian Gunzburg daktari wa macho, walikuja kuzunguka na kamera yao ya 3D wakiwabishia hodi wakubwa wa studio, nao wakakataa. Aliyekubali ni Arch Oboler, mtu wa redio aliyekuwa anajitegemea, na ndiye aliyetengeneza Bwana Devil.

Kilichobadilisha mawazo ya wakubwa hao kilikuwa sebuleni. Mwaka 1946 Wamarekani walikuwa wananunua tiketi zaidi ya milioni 80 kila wiki. Miaka saba baadaye idadi hiyo ilikuwa imeshuka kwa karibu nusu, na mtuhumiwa mkuu alikuwa televisheni. Juu ya hapo, mwaka 1948 Mahakama Kuu ya Marekani ilikuwa imeziamuru studio kubwa ziachane na majumba ya sinema ziliyoyamiliki. Studio zilihitaji kitu ambacho lile boksi dogo la nyumbani haliwezi kukifanya. Foleni ya simba wa Tsavo iliwaonyesha kitu hicho.

Sasa sikiliza mzigo ule ulimwangukia nani. Ulimwangukia fundi wa projekta, yule jamaa aliyefungiwa kwenye chumba kidogo chenye joto nyuma ya ukumbi. Kwa filamu ya kawaida alikuwa na projekta mbili zinazopokezana: moja ikimaliza mkanda, nyingine inaanza. Kwa 3D zote mbili zililazimika kuwaka pamoja, zimefungwa ziende sawasawa. Hakuna ya kupokea zamu, kwa hiyo filamu ilisimama katikati ili abadilishe mikanda. Mkanda ukikatika, mafundi walizoea kukata kipande kilichoharibika na kuunganisha. Kwenye 3D ilibidi ukate idadi ileile ya picha kwenye mkanda wa pili pia. Ukisahau picha moja tu, tayari jicho moja linaona tukio lililopita kwa sehemu moja ya 24 ya sekunde. Projekta moja ikiwa imeinama kidogo kuliko nyenzake, jicho moja linalazimika kupanda na lingine kushuka, kitu ambacho macho yako hayajawahi kufanya tangu uzaliwe. Pazia nalo ilibidi lipakwe rangi ya fedha, maana kitambaa cheupe cha kawaida huvuruga mtikisiko wa mwanga na picha mbili huvujiana.

Watu wakatoka na vichwa vinauma, wakailaumu miwani. Mara nyingi kosa lilikuwa chumbani kule juu, na chumbani kule hakuna aliyepeleka mafunzo wala fedha.

Filamu nzuri zilikuwepo. House of Wax ya Aprili 1953 iliongozwa na André de Toth, mtu aliyekuwa na jicho moja! Hakuwahi kuiona filamu yake kama watazamaji walivyoiona. Lakini Septemba mwaka huohuo studio ya Fox ikatoa The Robe kwa pazia pana la CinemaScope, ikajitapa kwamba muujiza huu hauhitaji miwani. Lenzi moja, projekta moja, mkanda mmoja. Mwenye ukumbi angechagua kipi? Hitchcock alipomaliza Dial M for Murder mwaka 1954, filamu iliyopigwa kwa 3D kwa uangalifu mkubwa, kumbi nyingi ziliionyesha bapa. Mwaka 1955 wimbi lilikuwa limekwisha.

Miaka thelathini iliyofuata nitaipita mbio. Kulikuwa na jaribio huku na kule, filamu za kutisha mwanzoni mwa miaka ya 1980, na Jaws 3-D mwaka 1983. India ilipata filamu yake ya kwanza ya 3D mwaka 1984, My Dear Kuttichathan ya lugha ya Kimalayalam, ambayo kwa maoni yangu inastahili sifa kuliko Jaws hiyo.

Halafu ikaja dijitali, na hapa ndipo mambo yanakuwa matamu.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 studio za Marekani zilikuwa na ndoto moja: kuacha kusafirisha mikanda. Nakala moja ya filamu kwenye mkanda wa milimita 35 iligharimu zaidi ya dola 1,000, na filamu kubwa ilihitaji maelfu ya nakala. Diski ya kompyuta ingepunguza gharama hiyo mno. Tatizo: anayeokoa hela ni msambazaji, anayetakiwa kununua projekta mpya ya dola elfu 70 hadi 100 ni mwenye ukumbi. Wewe ungekubali? Projekta ya zamani ilikuwa inadumu miongo, na mtazamaji wa kawaida asingeona tofauti wala kulipa senti ya ziada kwa ajili yake. Studio na wamiliki wa kumbi wakabaki wanatazamana miaka kadhaa. Baadaye walikubaliana wasambazaji wachangie, kwa kulipa kiasi fulani kila filamu inapoonyeshwa kwa dijitali, lakini hata hapo mwenye ukumbi alihitaji sababu yake mwenyewe.

3D ikawa ndiyo sababu hiyo. Machi 2005, kwenye mkutano wa wamiliki wa kumbi huko Las Vegas, George Lucas, James Cameron, Robert Zemeckis na wenzao walipanda jukwaani kuhubiri 3D ya dijitali. Novemba mwaka huohuo Disney wakatoa Chicken Little kwa 3D, kwenye kumbi zisizofika 100. Mtambo wa RealD uliotumika ulikuwa umeondoa karibu kila kilio cha fundi wa 1953. Projekta ni moja tu. Inarusha picha 144 kwa sekunde, 72 kwa kila jicho kwa kupokezana, huku kichujio cha kielektroniki mbele ya lenzi kikigeuza mtikisiko wa mwanga kila mara. Hakuna mikanda miwili ya kupishana. Ukiwa na projekta ya dijitali, unaongeza kichujio na pazia la fedha, na tiketi inapanda kwa dola tatu hivi. Na mtu akijificha ukumbini na kamera ili aibe filamu, anapata ukungu wa picha mbili zilizopandana. Studio zilizokuwa zinalia na maharamia zilipenda hilo pia.

Avatar ilitoka Desemba 2009 ikaingiza zaidi ya dola bilioni 2.7 duniani. Mwaka uliofuata 3D ilileta dola bilioni 2.2 Marekani na Kanada, asilimia 21 ya mauzo yote ya tiketi. Kumbi zilinunua projekta kama vile kesho haipo. Kufikia mwisho wa 2013 zaidi ya asilimia 90 ya kumbi za Marekani zilikuwa za dijitali. Fujifilm waliacha kutengeneza mikanda ya sinema mwaka huo, na mwanzoni mwa 2014 Paramount ikawa studio kubwa ya kwanza kuacha kusambaza mikanda nchini humo. Kumbi ndogo ambazo hazikuweza kununua projekta zilikosa cha kuonyesha, na nyingi zikafunga au zikaanza kuchangisha watu wa mji. Mafundi wa projekta wakapoteza kazi kwa maelfu, maana sasa meneja anaweza kupanga maonyesho ya wiki nzima kwa kompyuta.

Sehemu ya 3D katika mauzo ilianza kushuka baada ya 2010 na haikurudi pale tena. Kazi yake kwa wafanyabiashara ilikuwa imekwisha. Dola zako tatu zilikuwa mchango wa kubadilisha mtambo wa tasnia nzima, na hakuna aliyekuambia.

Naelewa pingamizi: kama watu walipenda, si wangeendelea kulipa? Ni kweli kwamba waliichoka, na sababu mojawapo ni pupa. Clash of the Titans ya 2010 ilipigwa bapa ikageuzwa kuwa 3D kwa wiki kumi hivi, na watu wakaonekana kama karatasi zilizokatwa na kusimamishwa. Lakini kuna sababu nyingine ambayo haiondoki kwa projekta nzuri, nayo iko kwenye lile tangazo la simba mapajani.

Tupige hesabu. Umekaa mita 12 kutoka kwenye pazia. Ili kitu kionekane kimesimama nusu ya njia, mita 6 kutoka kwako, picha zake mbili zinatakiwa zipishane kwa sentimita 6.3, sawa na umbali wa macho yako. Hiyo haisumbui. Sasa mlete simba hadi nusu mita kutoka usoni. Picha zake mbili zinatakiwa ziachane pazia kwa karibu mita moja na nusu! Macho yanageuka kuelekeana kana kwamba simba yupo mapajani, lakini lenzi za macho zinatakiwa zibaki zimelenga mita 12, maana mwanga unatoka kule. Katika maisha ya kawaida kazi hizo mbili huenda pamoja kila mara. Kuzitenganisha ndiko kunakochosha macho na kuumiza kichwa, na watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, akiwemo Martin Banks, walionyesha hivyo kwa majaribio mwaka 2008. Na aliyekaa nyuma zaidi, mita 24, anamwona simba huyohuyo akiwa mita moja kutoka kwake. Kila kiti kina simba wake.

Hesabu hiyohiyo inaeleza kwa nini televisheni za 3D zilikufa haraka. Chukua mlima ulio mbali sana, ambao kwenye pazia la upana wa mita 12 picha zake zimeachana sentimita 6.3. Zilete picha hizo, bila kuzirekebisha, kwenye televisheni yenye upana wa mita moja: zinaachana nusu sentimita tu. Ukikaa mita tatu kutoka hapo, mlima ule unaonekana uko sentimita 27 nyuma ya kioo. Mlima mzima umeingia kwenye boksi. Mechi 25 za Kombe la Dunia la Afrika Kusini mwaka 2010 zilirekodiwa kwa 3D, na ESPN wakaanzisha chaneli maalumu kwa mechi ya ufunguzi. Chaneli hiyo ilifungwa 2013. Kufikia 2017 LG na Sony, waliokuwa wamebaki, nao wakaacha kutengeneza televisheni hizo.

Kuna pia watu ambao ubongo wao hauunganishi picha mbili, kwa mfano waliokuwa na makengeza utotoni yasiyotibiwa mapema. Hao walilipa bei ya 3D wakaona filamu bapa, tena yenye giza. Giza hilo halikuwa lao peke yao. Vichujio hula zaidi ya nusu ya mwanga, na kumbi nyingi za miaka ile zilionyesha 3D kwa theluthi moja hivi ya mwangaza wa kawaida, au pungufu.

Walioitumia kwa akili walikuwepo. Wim Wenders kwenye Pina, 2011, aliitumia kuonyesha umbali kati ya wacheza ngoma jukwaani, na Werner Herzog aliingia nayo kwenye pango la Chauvet, Ufaransa, kurekodi michoro ya kale iliyofuata mabonde na matuta ya mwamba. Kwenye ukuta ule kina ni sehemu ya mchoro wenyewe. Hakuna kati ya hao aliyemtupia mtu simba mapajani.

Siku hizi projekta za kizazi kile cha kwanza zimezeeka, na kumbi zenye uwezo zinazibadilisha na za leza. Leza ina mwanga wa kutosha kufidia unaoliwa na vichujio. Avatar ya pili, Desemba 2022, ilionyeshwa kwenye baadhi ya kumbi kwa 3D angavu ambayo mtazamaji wa 2010 hakuipata, ikaingiza zaidi ya dola bilioni 2.3. Kati ya filamu moja kama hiyo na nyingine, kumbi hizohizo huonyesha filamu bapa wiki nyingi za mwaka, na vichujio vya 3D husubiri pembeni.